Kutoga na Kuuguza: Historia ya Ndewe, Kipini na Ndonya katika Afrika Mashariki

Kutoga ni kutoboa sikio, pua au mdomo ili pabaki tundu la kudumu la kuvalia pambo. Kazi hiyo ina sehemu mbili zisizolingana kwa urefu. Kutoboa hukwisha kwa kufumba na kufumbua. Kuuguza tundu, mpaka ngozi mpya iote ndani yake na kulizunguka pande zote, huchukua wiki au miezi. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyoamua kama mtu atapata ndewe ya kuvalia hereni maisha yake yote au atabaki na kovu na sikio lililooza. Kwa hiyo historia ya kutoga katika Afrika Mashariki haina budi kueleza ni nani aliyekabidhiwa kulitunza tundu, kwa dawa gani na kwa muda gani.

Ushahidi wa kale sana unatoka Tanzania yenyewe. Mwaka 1913 mtaalamu wa miamba kutoka Ujerumani, Hans Reck, alifukua katika Bonde la Olduvai mifupa ya mwanamume aliyezikwa humo zamani. Wanasayansi huiita mifupa hiyo OH1 na huikadiria kuwa na umri wa kati ya miaka 12,000 na 20,000. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 uliyaangalia upya meno yake. Baadhi yalikuwa yamelika upande wa nje, unaoelekea midomo na mashavu, yakawa bapa kana kwamba yamepigwa msasa. Kutafuna hakuwezi kuyala meno upande huo. Watafiti walihitimisha kuwa mtu huyo alivaa vipande vigumu vilivyopenya mdomo wa chini na mashavu yote mawili, vikawa vinayasugua meno kila alipozungumza au kula. Jino haliliki hivyo kwa siku chache. Aliyezikwa Olduvai aliishi miaka mingi na matundu yaliyopona vizuri, na hapana shaka jamii yake ilikwisha kujua namna ya kuyaponya.

Pwani ya Waswahili ina kumbukumbu za maandishi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaeleza wanawake wa Kilwa kuwa walijipamba kwa dhahabu ya Sofala na kwa fedha nyingi: mikufu, vikuku, bangili na hereni. Dhahabu hiyo ilitoka bara, nyuma ya Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Sikio la mwanamke wa mjini lilikuwa mahali pa kuweka akiba ya familia na kuionyesha.

Maelezo yaliyo wazi zaidi yamo katika kumbukumbu za Salme binti Said, bintiye Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886 kwa Kijerumani, anaeleza kuwa mtoto wa kike katika nyumba za jamaa zake alitogwa siku ya saba baada ya kuzaliwa. Kila sikio lilitobolewa matundu sita kwa kawaida, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri. Mtoto alipofikisha miezi miwili hivi, nyuzi zilitolewa, zikaingizwa pete nzito za dhahabu ambazo zingekaa humo daima. Mwanamke aliyeonekana bila hereni alidhaniwa ama yumo matangani ama hakutogwa kabisa. Ratiba hiyo inaonyesha kuwa wenyewe walijua tundu linahitaji muda gani: uzi mwembamba na mwepesi kwanza, dhahabu baada ya majuma manane.

Siku ya saba ndiyo pia siku ya akika, ambapo mtoto hupewa jina na kunyolewa nywele, na hapo kutoga kuliingia katika mila za dini bila kuwa sharti la dini. Wanazuoni wa Kiislamu hawakuafikiana juu yake. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona haifai kumjeruhi mtoto kwa ajili ya pambo ambalo anaweza kuishi bila hilo. Wengi wengine waliruhusu kwa wasichana, wakitegemea Hadithi ya Sala ya Idi, ambamo wanawake walivua hereni zao wakazitoa sadaka katika nguo ya Bilal. Kama Mtume aliwaona wanawake wamevaa hereni asiwakataze, walisema, basi kutoga kunajuzu. Pwani ilishika rai hiyo ya ruhusa, na kwa wanaume desturi haikuenea.

Mapambo yalitofautiana kwa mahali pa tundu na kwa uwezo wa mtu. Kwenye ukingo wa juu wa sikio vilining'inizwa vipuli, vidogo na vyepesi, mara nyingi vya fedha na vya umbo la mwezi mwandamo, vitano au sita kwa mfuatano. Kwenye nyama laini ya chini yalivaliwa majasi, vibao vya mviringo vya dhahabu au fedha vilivyohitaji ndewe pana. Wasiokuwa na fedha walisokota karatasi za rangi zikawa kibao kigumu cha duara, wakakisukuma ndani ya ndewe ile ile. Masonara wa Zanzibar, Mombasa na Lamu walipata malighafi kwa kuyeyusha sarafu, hasa riali za Maria Theresa zilizozunguka katika biashara ya Bahari ya Hindi katika karne ya 19.

Pua ilipambwa pia. Kipini, kichwa kidogo cha dhahabu au fedha kinachokaa juu ya ubavu wa pua, na hazama, pete inayoning'inia, vinafanana na mapambo ya Bara Hindi na ya Uarabuni, ambako jahazi za msimu zilikwenda na kurudi kila mwaka. Ubavu wa pua ni mwembamba kuliko ndewe, lakini ndani yake mna unyevu na vijidudu vingi, na tundu lake hufunga upesi likiachwa tupu. Kwa sababu hiyo waliotogwa pua hawakuthubutu kuvua kipini miezi ya mwanzo hata kwa kulala.

Katika nyumba za kawaida za pwani mtogaji hakuwa mganga wala sonara. Alikuwa nyanya wa mtoto, shangazi, somo wa msichana, au jirani aliyejulikana mtaani kuwa na mkono mwepesi. Kwanza aliyatazama masikio yote mawili kwa pamoja na kutia alama kwa masizi, ili tundu moja lisije likawa juu na jingine chini. Kisha alilifinya na kulisugua sikio kwa vidole mpaka likafa ganzi. Ncha ilikuwa sindano iliyopitishwa motoni au mwiba wa mlimau, na nyuma ya sikio kiliwekwa kitu cha kuipokea. Sindano ilivuta uzi uliolowekwa katika mafuta ya nazi; uzi ukakatwa, ukafungwa kitanzi kilicholegea.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Asubuhi na jioni sikio liliogeshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, magamba yakalainishwa na kuondolewa, kisha mafuta ya nazi, pengine yaliyotiwa manjano, yakapakwa mbele na nyuma. Uzi ulisogezwa kidogo usigande na kidonda. Mtoto alikatazwa kulishika sikio na kulilalia. Tundu lilipokauka, uzi ulitolewa na mahali pake pakaingizwa kijiti kifupi cha chelewa kilicholainishwa, ambacho hakikushika uchafu kama uzi. Aliyekusudiwa kuvaa majasi aliongezewa vijiti kimoja kimoja, halafu kipande cha bua, halafu karatasi ya kusokota, ambayo kwa kutaka kujikunjua yenyewe iliisukuma nyama pole pole. Haraka iliadhibiwa papo hapo: ndewe ilichanika, na iliyochanika ikaning'inia vipande viwili.

Bara, jamii nyingi zilitoga wanaume na wanawake, na upana wa tundu ulikuwa na maana yake. Miongoni mwa Wamaasai mtoto alitobolewa kwanza sehemu ya juu ya sikio, na baadaye nyama ya chini, ambayo ndiyo iliyotanuliwa. Kutoboa kulifanywa kwa mwiba au kwa chuma chenye ncha. Kutanua kulifanywa kwa vijiti, kisha matita ya vijiti, vipande vya mti, mawe, hata vipande vya pembe za ndovu, kila kimoja kinene kidogo kuliko kilichotangulia. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita Umasaini mwaka 1883 na 1884, na mwandishi A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wamaasai mwaka 1905, wote waliyaeleza masikio hayo marefu na mapambo yake ya chuma, shaba na shanga. Surutia, pambo la waya wa shaba uliozungushwa mithili ya konokono, lilivaliwa na mama ambaye mtoto wake amekwisha kutahiriwa, kwa hiyo sikio lilimweleza mgeni cheo cha mwanamke kabla hajasema neno. Katika karne ya 20 mikebe midogo ya plastiki ya filamu za kamera nayo iliingia katika masikio hayo, kwa sababu upana wake ulifaa.

Kwa Wakikuyu pia sikio lilitobolewa kwa hatua, juu na chini, kabla ya kutahiriwa, na Jomo Kenyatta alizihesabu hatua hizo katika makuzi ya mtoto katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Ndewe zilijazwa vigogo vya mti, na wanawake walioolewa walivaa hang'i, pete kubwa za shanga zilizofungamanishwa na kuning'inia hadi mabegani. Wanandi na Wakipsigis walikuwa na desturi za karibu na hizo. Katika jamii zote hizi kutanuka hakukuja kwa nguvu. Ngozi hupanuka ikipewa muda wa kuota seli mpya kati ya hatua moja na nyingine. Ikilazimishwa hupasuka, hufanya kovu, na kovu halitanuki tena. Aliyemtunza kijana alilazimika kujua tofauti ya nyama iliyopona na nyama inayouma bado.

Kusini, pande zote mbili za Mto Ruvuma, tundu lilikuwa mdomoni. Wanawake wa Kimakonde, na wa baadhi ya makabila jirani kama Wamwera, walivaa ndonya, pambo la kibao cha mti, katika mdomo wa juu. David Livingstone aliliona pambo la aina hiyo katika bonde la Mto Shire na pwani ya Ziwa Nyasa katika safari zake za kuanzia mwaka 1859. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alieleza jinsi lilivyotayarishwa. Msichana alitobolewa mdomo akiwa mdogo, tundu likazuiwa lisifunge kwa kijiti chembamba. Baadaye uliingizwa ukanda wa jani la mnazi au mtende uliokunjwa mviringo kama kamani ya saa; ukanda ulijifungua taratibu na kuupanua mdomo bila kuuchana. Ulipofikia upana uliotakiwa, iliwekwa ndonya yenyewe ya mpingo, na kadiri mwanamke alivyozeeka ndivyo ndonya yake ilivyoweza kuwa kubwa.

Ndonya ilikuwa na gharama. Mti mgumu uliokandamiza ufizi usiku na mchana uliyasukuma meno ya mbele, nayo yakalegea au yakaanguka, jambo linalokumbusha meno yaliyolika ya mtu wa Olduvai. Hata hivyo ilikuwa alama ya uzuri na ya utu uzima wa mwanamke, na vinyago vya mapiko vya Wamakonde vinavyowakilisha wanawake huichonga wazi wazi. Simulizi inayosema ndonya ilibuniwa ili kuwachukiza wafanyabiashara ya watumwa haina ushahidi wa kutosha. Pambo lililochongwa kwa uangalifu hivyo, na kuvaliwa kwa fahari na vizazi vingi, linaeleweka zaidi kuwa pambo.

Utawala wa kikoloni, shule na misheni vilibadili hali katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wamisionari wengi walihesabu ndewe pana na ndonya kuwa alama za upagani, na mwanafunzi aliyetanua masikio alionwa kama aliyekataa elimu. Wako walioacha kutanua, na wako waliokwenda hospitali ncha za masikio zikakatwa na kushonwa. Wengine walizungusha ncha hizo juu ya sikio ili zisionekane sana kazini. Ndonya ilipungua kizazi hata kizazi, na kufikia mwisho wa karne ilionekana kwa bibi wazee tu. Kutoga tundu dogo la hereni, kwa upande mwingine, kuliongezeka, kwa sababu hakukupingwa na kanisa wala msikiti, na hereni za bei nafuu zilipatikana kila duka.

Mtogaji naye alibadilika. Sonara alitoga wateja wake kwa waya wa dhahabu, akauacha waya ndani mpaka tundu lipone. Zahanati zilitoga watoto kwa sindano za hospitali. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 ikaingia bunduki ya kutogea, kifaa cha springi kinachosukuma hereni yenyewe ndani ya nyama kwa pigo moja. Ilipendwa kwa wepesi wake katika saluni na maduka ya mapambo. Kasoro yake imo katika umbo: bunduki nyingi zina sehemu za plastiki zisizostahimili joto la mvuke la kuua vijidudu, na hereni butu inayolazimishwa kupita huponda nyama kuliko sindano kali yenye uwazi ndani.

Madhara ya kuponda huonekana zaidi kwenye gegedu, sehemu ngumu ya juu ya sikio. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando unaolifunika. Utando ukipondwa na kuingiwa na bakteria, gegedu hufa na sikio hukunjamana daima. Mwaka 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, wateja wa kibanda kimoja cha mapambo waliugua hivyo, 7 wakithibitishwa kuwa na bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa. Bakteria hao walipatikana hata katika chupa ya dawa ya kusafishia iliyotumika kuwatogea.

Afrika Mashariki ilikwisha kupata funzo zito zaidi kabla ya hapo. UKIMWI ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, kampeni za afya ziliwaonya watu wasichangie nyembe na sindano, na sindano ya nyanya iliyopita katika masikio ya wajukuu wote siku moja ikaingia katika onyo hilo. Homa ya ini aina ya B na C huambukizwa kwa njia hiyo hiyo. Pepopunda ilikuwa hatari ya zamani zaidi: vijidudu vyake vimo katika udongo na samadi, na mwiba uliookotwa chini uliweza kuvibeba. Chanjo ya pepopunda, ikiwemo ile wanayopewa wajawazito ili kuwakinga na watoto wachanga, imepunguza hatari hiyo kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Maarifa ya sasa yanakubali sehemu kubwa ya utunzaji wa kale na kurekebisha nyingine. Maji ya chumvi yamebaki. Kipimo kinachofaa ni gramu 9 za chumvi safi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa, karibu kijiko kimoja na nusu cha chai. Ikizidi hapo huunguza ngozi mpya. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa tundu, na sikio huoshwa mara mbili kwa siku, likakaushwa kwa karatasi safi. Kuzungusha hereni hakushauriwi tena, kwa kuwa huvuta magamba ndani na kuchana ngozi changa. Uzi wa pamba au hariri umeachwa, kwani hunyonya damu na usaha na kuwa makazi ya bakteria. Mafuta mazito huziba tundu, nayo spiriti na haidrojeni peroksaidi huua seli mpya pamoja na vijidudu.

Metali ya pambo la kwanza ina umuhimu wake. Nikeli, ambayo hutiwa katika hereni nyingi za bei nafuu, husababisha mwasho na malengelenge kwa watu wengi, na mzio huo ukianza haukomi. Umoja wa Ulaya uliwekea nikeli mipaka ya kisheria mwaka 1994, ukitaja hasa vipande vinavyoingizwa katika matundu mapya. Titani na dhahabu halisi ndizo salama zaidi. Hapo desturi ya kumvika mtoto dhahabu ilikuwa na faida iliyozidi fahari.

Muda wa kupona hutegemea mahali. Ndewe huchukua wiki 6 hadi 8, pua miezi kadhaa, na gegedu kuanzia miezi 6 hadi mwaka mzima. Wekundu kidogo na majimaji meupe siku za mwanzo ni kawaida. Joto, uvimbe unaokua, usaha wa kijani au wa manjano na homa humpeleka mtu hospitali, na pambo lisitolewe kabla daktari hajaona, kwa sababu tundu likifunga juu usaha hubaki ndani. Watu wenye ngozi nyeusi hupata zaidi keloidi, kovu linaloota na kuzidi mipaka ya kidonda. Aliye nayo katika ukoo wake hushauriwa afikiri sana kabla ya kutoga, na akikata shauri, atoge ndewe na aache gegedu.

Kilichopotea katika safari hii ndefu ni mwenye kazi ya kuuguza. Nyanya aliyetoga ndiye aliyeamka alfajiri kuliosha sikio, na somo aliyeingiza kijiti cha kwanza ndiye aliyeamua siku ya kijiti cha pili. Saluni hutoboa, hupokea malipo, na kumwacha mteja aende zake. Sindano mpya, titani na chanjo vimeifanya dakika ya kutoboa kuwa salama kuliko ilivyokuwa wakati wowote. Wiki zinazofuata zinahitaji mtu aliyetajwa kwa jina nyumbani, awe mama, dada au mwenye sikio mwenyewe, anayejua kuwa kazi hiyo ni yake mpaka tundu lipone.